Nilivyoonja mvinyo wa Kifaransa wa miaka arobaini pale Newala, ukiwa umetikiswa

Wakuu, poleni na majukumu. Ninachosimulia hapa nilikishika kwa mkono na kukionja kwa ulimi, kwa hiyo chumvi sitaongeza.

Ni miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye korosho. Nilitoka Lupaso kwenda Newala, nikawa karani na mkalimani wa mnunuzi Mfaransa, Bwana Etienne. Alipanga chumba kwa Mama Anjela, mjane aliyepika pombe ya mtama iliyosifika hadi Tandahimba.

Malaria ilimlaza bosi wiki mbili. Mama Anjela akamnywesha uji kwa kijiko.

Alipopona, siku za kurudi kwao zilikuwa zimekaribia. Ili amshukuru mama, akatoa sandukuni chupa ya mvinyo mwekundu, imeviringishwa kwenye sweta. Marehemu baba yake aliinunua kwenye shamba kongwe la mizabibu, mwaka aliozaliwa bosi. Miaka arobaini ilikuwa inangoja siku yake. Hakuwa na nyingine.

Kwa wasiojua, niwaeleze taratibu. Mvinyo ukikaa sana unatoa mashapo. Chupa inasimamishwa siku kadhaa yatulie, kisha unamimina polepole, ya chini unayaacha. Yakichanganyika, mvinyo unakwaruza ulimi.

Bosi akaisimamisha siku tatu kwenye kona, akaniambia niilinde. Nami nikamwambia Mama Anjela, "Usiiguse." Basi. Sikusema kwa nini.

Jumapili alasiri bosi akazibua chupa mezani, akaingia ndani kufuata bilauri. Mimi napanga viti.

Mama Anjela akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaitikisa. Akaitikisa vizuri, kama mtu anayeijua kazi yake.

Bosi akatoka, akaona povu. Akasimama na bilauri zake tatu.

"Karani, mwambie nimeshaitikisa," akasema Mama Anjela. "Mgeni wangu simpi maji ya juu, uzito niufiche chini."

Kwetu ndivyo pombe ya mtama inavyopewa mtu wa heshima, ikiwa imetikiswa. Nikatafsiri yote. Sijawahi kutafsiri sentensi ndefu kama ile, na haikuwa ndefu.

Bosi akakaa, akamimina. Mwenye pombe ndiye anayeanza kuonja, kwa hiyo akaanza yeye.

Mimi nilipata ladha ya mabibo makavu ya mkorosho, ngozi ya zamani, udongo wa mvua ya kwanza. Halafu mchanga.

"Huu umekaa," akasema Mama Anjela. "Nani aliutunza?"

"Baba yake," nikamjibu. "Ameshafariki."

"Pole, mwanangu," akamwambia bosi. "Basi tungoje ushuke. Umengoja miaka arobaini, utashindwa nusu saa?"

Tukaweka bilauri chini. Katika kungoja huko bosi akaanza kusimulia habari za baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya msimu mzima. Nikawa natafsiri. Alipomaliza, mvinyo ulikuwa umetulia.

Wa juu ulikuwa laini, unateremka wenyewe, utamu wake unakuja baadaye.

Mama Anjela alikunywa mpaka mwisho, akapangusa mashapo kwa kidole, akalamba. Bosi akamtazama. Kisha naye akapangusa ya kwake.

Funzo langu, wakuu: ukimwambia mtu "usiguse", mpe na sababu. Mama Anjela alifanya alivyofundishwa. Aliyebana maneno ni mimi. Tangu siku ile naeleza mpaka watu wanaaga.

Wewe je, uliwahi kuharibu kitu cha mtu kwa heshima? Andika hapa chini, usiogope kuchekwa. Nitajibu mmoja mmoja.