Robo Saa kwa Kila Klarineti

Dada yangu wateja wanamwita Robo Saa, naye hucheka tu. Mimi silipendi hilo jina. Niliwahi kumjibu mteja mmoja vibaya kwa ajili yake, shemeji akaniomba nisikanyage dukani wiki nzima. Nilikanyaga siku ya pili, nione atanifanya nini.

Jina limetoka kwenye kazi. Shemeji ana duka la ala za muziki, limebanwa kati ya duka la dawa na wapiga fotokopi. Sasa, klarineti mpya ya mpingo haipigwi ovyo. Pumzi ina joto na unyevu, mti bado mgeni; ukiupuliza saa nzima siku ya kwanza, unapasuka. Kwa hiyo inapigwa robo saa kwa siku, inafutwa ndani kwa kitambaa, inalazwa. Baada ya wiki tatu hivi ikishazoea, inauzwa. Wa kuzizoesha ni dada, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, macho kwenye saa ya ukutani, mlango wazi kidogo asikie mteja akiingia. Miaka kumi na tisa hiyo! Akishaifundisha moja kuimba, inaondoka na mtu mwingine.

Na anazijua, usicheze naye. Mtu akiingia na haraka zake, "Nataka klarineti, nzuri ipi?", dada humuuliza ni ya nani na atapigia wapi. Mwanafunzi humpa ile ya kawaida, ya noti ya Si bemoli, ya plastiki: haiogopi jua wala mvua, unaipiga toka asubuhi mpaka uchoke mwenyewe. Wa okestra humwambia atahitaji pia ya noti ya La, ndefu kidogo, yenye sauti nzito zaidi. Ile fupi ya Mi bemoli huwaficha wanaoanza, maana ukali wa sauti yake utawafukuzia majirani. Ya besi haitoi kabatini mpaka uoshe mikono. Na zile zenye vibonyezo rangi ya dhahabu huzipita akinong'ona, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka huu okestra ya jumba la maonyesho ikatangaza nafasi moja ya klarineti. Mimi ni mshonaji. Nililibeba lile tangazo ndani ya gauni lake nililokuwa nimelirekebisha.

"Dada, hii ni yako. Usipokwenda, usiniite mdogo wako."

"Na dukani atakaa nani?"

"Mwenye duka!"

Akacheka, halafu akalia. "Nimekichoka kile chumba, mdogo wangu. Nimekichoka mpaka basi." Hilo hakuwahi kulisema.

Akajiandikisha kimyakimya. Shemeji hapigi wala hatukani. Afadhali angekuwa mkali, mtu akajua moja. Yeye ni mpole, "Mke wangu, bila wewe duka limekufa," basi, hapo huna pa kutokea.

Siku ilipofika, shemeji alikwenda kutoa mzigo forodhani. Tukafunga duka na kubandika karatasi, "Tunarudi punde." Dada hana klarineti yake mwenyewe, hebu fikiria. Kabatini kulikuwa na ya plastiki, na ya mpingo iliyokuwa siku yake ya sita.

"Chukua ya plastiki," nikamsihi. "Umepangiwa dakika arobaini."

"Sauti yake kavu." Akachukua ya mpingo.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Jamani, alipiga! Kiongozi wa okestra aliacha kuandika, jirani yake akavua miwani. Nikaanza kushukuru Mungu. Mara akanyamaza katikati ya wimbo. Akatazama saa ya mkononi, akaichomoa klarineti vipande vyote vitano, akaanza kuifuta ndani.

"Kuna tatizo, mama?" kiongozi akauliza.

"Muda wake umefika," dada akajibu. "Ikipasuka, ni mali ya duka."

Njiani nilitangulia mbele, sikumngoja. Nilikuwa na hasira ya kuuma meno. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Miezi miwili baadaye huyo mwingine akahama, na kiongozi akanitumia mimi ujumbe, maana kwenye fomu dada aliandika namba yangu: mwambie dada yako aje Jumatatu. Safari hii sikubahatisha. Niliazima klarineti ya plastiki kwa mteja wangu, mwalimu wa muziki, nikaingia nayo chumba cha nyuma.

"Haya. Hii haipasuki. Si ya duka, si ya mumeo. Ipige hata siku mbili. Una kisingizio gani tena?"

Akaiunga taratibu, akafunga ule ulimi wa mwanzi unaotoa sauti, akaipeleka mdomoni. Hakupuliza.

"Siku ile haikuwa mti," akasema.

"Ilikuwa nini, basi?"

"Nilimwona yule kiongozi anatabasamu. Nikajua wananichukua. Ndipo nikatazama saa."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Naogopa," akasema. "Humu nimechoka, na huko nje sijui nitakuwa nani."

Akaifungua vipande, akavipanga kwenye mkoba wa klarineti kimoja kimoja, akanirudishia. Jumatatu nilimpelekea mwalimu klarineti yake. Akaniuliza kama dada aliipenda, nikamwambia aliipenda sana.