Kwa Baiskeli Hadi kwa Mama Mkubwa

Mama yangu alijifunza kuendesha baiskeli akiwa tayari ana wajukuu watatu. Nilimfundisha mwenyewe, kwenye uwanja wa shule ya msingi nilikokuwa nafundisha pale Bariadi, likizo ya mwezi wa sita, asubuhi kabla watu hawajaanza kupeleka pamba kupima. Mimi nashika kiti kwa nyuma, yeye kakaza shingo kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Alianguka mara nyingi, akachubuka magoti, akainuka. Sikumuuliza anajifunza ili aende wapi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu alikuwa anajaribu jambo. Baiskeli, ambazo zamani ulizipata kwa kibali, sasa zilining'inia madukani, nami nilikuwa nimenunua yangu, ya kike, isiyo na mtaimbo, lile bomba la juu.

Siku alipozunguka uwanja mzima bila kushikwa, alishuka, akajifuta jasho kwa pindo la khanga, akasema, "Sasa nipeleke ziwani kwa dada yangu."

Nilijua ana dada. Nilijua pia kwamba nyumbani hatajwi. Mama mkubwa aliolewa kwa wafugaji, kijiji ambacho sitakitaja. Mwaka mmoja walikufa watoto wawili wa shemeji yake, mganga akasema mchawi yumo humo humo ndani ya boma. Macho ya mama mkubwa yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na hayo yakatosha kuwa ushahidi. Alikimbia na nguo aliyovaa. Alipita kwetu, akasimama mlangoni, na baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, akamwambia aendelee na safari. Mama alikuwa ndani. Hakutoka.

Ilipita miaka mingi. Kisha mwanamke mmoja muuza dagaa, aliyekuja sokoni kwetu, akamwambia mama kwamba dada yake yuko hai, anaanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa wavuvi, mbele ya Kiloleli.

"Si twende kwa basi?" nilimuuliza.

"Stendi wananijua wote. Wataniuliza naenda kwa nani, na mimi nitadanganya. Sitaki kwenda kwake nikiwa nimedanganya."

Tukaondoka alfajiri. Yeye kwenye baiskeli yangu, mimi kwenye ya marehemu baba, yenye mtaimbo, khanga nimeikunja hadi magotini. Tulibeba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kidumu cha maji, pampu na viraka. Barabara kubwa ilikuwa imejaa malori ya wanunuzi wapya wa pamba, vumbi halitui. Tukaiacha mapema, tukashuka mtoni.

Kiangazi Mto Simiyu ni mchanga mpana, na maji kidogo yanayopita pembeni kama yamesahauliwa. Kando yake kuna njia za ng'ombe, ngumu kama sakafu, na mbuga imetandazwa hadi macho yachoke. Hakuna mlima wa kupanda. Siku mbili hatukukutana na gari hata moja. Tulisikia minyororo yetu, kengele za ng'ombe, na wachungaji wakitusalimia kwa mbali, "Mwadila, mayu!" Mama anaitikia bila kugeuka, maana akigeuka anaanguka.

Baada ya saa kadhaa aligundua kwamba akiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea yenyewe. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo tangu baba afariki. Akaanza kunisimulia jinsi yeye na dada yake walivyokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani, na jinsi dada yake alivyokuwa akimpa mtungi mdogo kila mara, na kusema huo ndio mzito.

Alasiri mwiba ulitoboa gurudumu lake la mbele. Nilipofungua gundi ya viraka, ilikuwa imekauka yote. Tukakokota baiskeli hadi kwenye boma la karibu. Mwenye boma alilitazama gurudumu, akaenda kukata majani makavu, akayashindilia ndani ya tairi hadi likakaza. "Litarusharusha," alisema, "lakini litafika." Mkewe akatuambia jua limeenda, tulale kwao.

Jioni, akiwa anasonga ugali, mwanamke yule aliuliza tunakwenda kwa nani.

"Kwa dada yangu," mama alisema. "Walimfukuza kwa uchawi. Nami sikumtetea."

Yule mwanamke hakuacha kusonga. Nilianza kufikiri tungelala wapi tukifukuzwa. Kisha akaipua sufuria, akasema taratibu, "Mama yangu naye walimwita mchawi. Hakuwahi kukimbia." Alitupakulia ugali na mlenda, akatutandikia ngozi ya ng'ombe mahali anapolala yeye siku zote. Asubuhi alimjazia mama kibuyu cha maziwa, akakifunga mwenyewe kwenye keria. "Mpe dada yako," alisema. Mpaka leo namshukuru; mwaka uliofuata boma lao lilikuwa limehama, na sikuwahi kumwona tena.

Tulifika mwaloni siku hiyo mchana. Wanawake walikuwa wamejipanga mchangani, wanageuza dagaa kwa mafagio. Mama alisimamisha baiskeli, akawatazama mmoja mmoja. Mmoja aliyekuwa ameinama akanyooka, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. Walikuwa na umbo moja, yeye na mama, isipokuwa yule alikuwa na mvi zaidi.

Mama alipiga magoti pale pale kwenye dagaa. "Dada, nilikuwa ndani siku ile. Nilikusikia."

"Najua. Niliona miguu yako chini ya pazia."

"Sikutoka."

"Ulikuwa na mtoto mgongoni." Akanitazama. "Ndiye huyu?"

Nikasema ndiye mimi.

"Inuka basi," akamwambia mama, "unaniharibia dagaa."

Wakashikana, na sikujua nani analia na nani anacheka. Maziwa ya kibuyu yalikuwa yameganda kwa kurushwarushwa njiani. Mama mkubwa aliyanywa yote amesimama, akasema tangu aondoke kwa wafugaji hakuwahi kuonja maziwa mazuri namna ile.

Tulikaa siku sita. Alikuwa na kibanda chake, majirani waliomwita bibi, na mtoto wa jirani aliyepewa jina lake. Hakuhitaji kuokolewa. Mama aliliona hilo, nadhani lilimpunguzia mzigo, ingawa pia lilimuuma kidogo.

Kila kiangazi baada ya hapo tulikwenda, kwa njia ile ile ya mtoni, hadi magoti ya mama yalipokataa, kisha kwa basi. Mama mkubwa alifariki kwa uzee, kitandani kwake, mama akiwa amemshika mkono. Wanawake wa mwaloni waliacha kazi siku tatu. Nilihesabu siku zote tulizokaa naye katika miaka ile, hazikufika miezi miwili. Mama alisema ni nyingi.