Asiyechimba Alichota wa Kwanza

Jumamosi tulimzika mama mmoja huko Mwala, na ninyi mnaonisoma kila wiki mniwie radhi, kwa maana nilirudi Machakos nikitabasamu. Wengi hamkumjua. Alikuwa mjane, amezika wanawe wawili, na mguu wake wa kushoto ulivunjika ukaungana vibaya, hivyo akatembea kwa gongo miaka mingi. Alikuwa mcha Mungu, mkweli, asiye na ugomvi na mtu, lakini wapo majirani walionong'ona kwamba misiba mingi hivyo haikosi dhambi iliyofichwa.

Nilimfahamu wakati kikundi chao cha mwethya, ambacho husaidiana kazi kwa zamu, kilipokuwa kikijenga bwawa la mchanga mtoni, yaani ukuta wa kuzuia mchanga unaohifadhi maji ya mvua. Mimi nilitumwa na kanisa kupeleka saruji. Siku hiyo mwenyekiti alimwambia mbele ya wote, "Kikundi ni cha mikono. Asiyechimba, asichote." Kwa mjane wa nchi kavu ile, asiyeweza kwenda mbali na mtungi, hayo hayakuwa maneno madogo. Alijibu tu, "Sawa. Nitamwambia mwenye mvua," akajikongoja kwenda zake.

Sasa, mama huyo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alipoondoka, majembe yakawa mazito. Kila mtu alichimba kivyake, huyu akitazama jua, yule akilaumu mawe. Haukupita muda mwenyekiti akafunga punda kwenye mkokoteni, akaniomba nimsindikize.

"Mwaitu, hodi!" aliita kwa heshima ya mtu na mama yake.

"Karibu. Umekuja kunifukuza hata kwangu?"

"Nimekuja kukubeba. Kazi imekufa."

"Na huu mguu?"

"Uache kitandani, tuletee mdomo!"

Walicheka hadi punda akageuza masikio. Kisha mama akauliza taratibu, "Na maji je?"

"Utachota wa kwanza. Nilikosea, mwaitu."

Aliketi juu ya jiwe akaimba, wakamwitikia, ukuta ukapanda. Mvua iliponyesha, alichota wa kwanza kweli.

Baadaye nilimuuliza kama siku ile alilia. "Nililia sana, mzee. Nilimuuliza Mungu kama bado ananiona. Kisha nikasikia kwato za punda."

Siku hizi hapa mjini tunahubiriwa kwamba mwenye haki hutambulika kwa afya na gari. Mguu wa mama yule haukupona hadi kufa kwake, na sijaona mtu aliyekuwa na hakika zaidi kwamba anapendwa. Mungu hakumwondolea kila uchungu, ila hakumtoa machoni pake, na alipotaka kumfariji alimtuma yuleyule aliyemuumiza. Basi wewe unayelia leo bila kosa, jipe moyo, umeonwa. Na wewe uliye mzima, inuka ukamtazame jirani yako. Huenda amekwisha kuomba, na jibu lake ni wewe.