Katekista Aliyekosa Jibu

Mvua za El Niño zilipopungua, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, malaria ilianza kuwachukua watoto wa vijiji vya karibu na Ogwedhi. Barabara zilikuwa zimekatika na padri hakufika, kwa hiyo mazishi yote yalimwangukia Ryoba, mkulima wa mahindi na katekista wa kanisa dogo la udongo.

Katika kila kaburi alisema alivyofundishwa: Mungu anampenda kila mtoto, na haya ni mapenzi yake. Mwanzoni maneno yalimtoka kwa uhakika, baadaye kwa mazoea tu. Kufikia Machi alikuwa amechoka hata kupiga goti. Alirudi nyumbani na matope viatuni, akala bila kusikia ladha, na mkewe Helen akajifunza kutomuuliza ni nani kazikwa leo.

Kisha akafa Sammy, mtoto wa pekee wa Bhoke, mjane aliyeuza maziwa sokoni. Bhoke alikuwa amembeba mgongoni hadi zahanati, akakuta dawa zimekwisha, akarudi naye na kumkanda kwa kitambaa cha maji mpaka kulipokucha.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, Bhoke alimzuia Ryoba njiani. Machozi yalikuwa yamemkauka.

"Mwalimu, Mungu angeweza kumponya Sammy?"

"Angeweza, mama."

"Na alimpenda?"

"Alimpenda."

"Mimi nilimpenda lakini sikuweza. Yeye aliweza. Sasa mbona ni mimi niliyekesha?"

Bhoke alingoja jibu kidogo, kisha akaenda zake.

Tangu siku hiyo Ryoba akashindwa kusali. Padri alipofika hatimaye, Ryoba alimwomba atafute katekista mwingine. Padri, mzee mpole aliyezaliwa Homa Bay, alimweleza kwamba mabaya mengi hutokana na hiari ya binadamu. Ryoba akamuuliza mbu ana hiari gani. Padri akasema kwamba yeye mwenyewe alimzika dada yake aliyekufa akiwa mtoto, na mpaka leo hajaelewa. Hakumsihi Ryoba abaki. Alimwambia tu kwamba Jumamosi kuna mazishi mengine.

Ryoba alikwenda. Watu wakasubiri maneno waliyoyazoea.

"Sijui kwa nini mtoto huyu amekufa," alisema. "Sitawaambia kwamba Mungu alitaka."

Akavua koti, akachukua koleo, akafukia kaburi pamoja na vijana.

Wazee wa kanisa hawakupendezwa, na familia kadhaa zilihamia kwa Wasabato. Ryoba hakubishana. Imani yake haikurudi kuwa ile ya zamani. Alimlalamikia Mungu kama mtu anavyomlalamikia ndugu ambaye yeye mwenyewe hawezi kumkana, na sala zake zilikuwa fupi, nyingine maswali matupu. Lakini hakukosa mazishi hata moja.

Palizi ilipofika, yeye na Helen walikwenda kumsaidia Bhoke shambani. Walipalilia tangu asubuhi bila kumtaja Mungu. Jua lilipokuwa kali Bhoke alileta uji, akawamiminia, akaketi kando yao.

"Bado sitaki kuja kanisani," alisema.

"Sikuja kukuita," Ryoba akajibu. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole.