Mgeni Aliyevaa Baibui

Batuli aliuza chai na mandazi sokoni Rumonge. Mumewe, Asmani, alikuwa fundi cherehani. Tangu waoane Batuli alikuwa akiomba mabati ya jiko, maana mvua ikinyesha chungu kilijaa maji kabla maharage hayajaiva. Asmani naye aligeuza mifuko yake nje. "Mama Riziki, mimi faranga nazitoa wapi?"

Uhuru ulipokuja, Rwanda ilipata bendera yake na Burundi yake, lakini noti zikabaki zile zile, za benki moja ya nchi zote mbili. Mwaka 1964 benki ile ikagawanywa. Ikatangazwa kwamba noti za zamani zirudishwe, watu wapewe zilizogongwa neno BURUNDI juu yake. Itakayobaki nyumbani ni karatasi ya kufungia ndagala, dagaa wa ziwani.

Siku hiyo Asmani hakugusa chakula. Batuli alimtazama, akatabasamu, kesho yake akahamishia birika lake mbele ya ofisi ya kubadilishia. Hakupita bahili bila kusalimiwa kwa sauti: "Amahoro, mzee Shafii! Kumbe na weye iko nazo?"

Karibu na adhuhuri akaja mama mmoja mrefu, kajifunika baibui jipya mpaka puani, kakumbatia mto wa kulalia. Akajipanga nyuma ya wanawake wengine. Batuli aliufahamu mto ule. Miaka yote Asmani alikuwa hataki ufuliwe.

Akamimina chai, akampelekea. "Karibu, dada. Uko mugeni hapa?"

Baibui likaitikia kwa kichwa. Sauti ya Asmani ilikuwa nzito. Neno moja tu, mstari mzima ungegeuka.

"Masikini, ni bubu," akasema jirani yao, Bibi Mwamini, aliyekuwa nyuma yake.

"Hapana, ni haya tu," Batuli akajibu. "Dada, mume wangu hana kitu. Unisaidie mabati ya jiko. Kama hutaki, sema tu."

Kimya.

"Amekubali! Bibi Mwamini, weye shahidi. Na kitenge cha Idi? Kama hutaki, sema."

Baibui lilishusha pumzi ndefu. Kufika mlangoni, mgeni alikuwa ameahidi mabati, kitenge na mbuzi.

Ndani, karani akauliza bila kuinua macho, "Jina lako, mama?"

Asmani akaukaza mto kifuani. Jasho likaanza kulowesha kitambaa puani. Batuli, aliyekuwa amemfuata na kikombe, akamwonea huruma.

"Huyu ni dada yangu, Asumini," akasema. "Anaumwa koo."

Nyumbani Asmani alivua baibui, akaketi mkekani. "Ulinijua lini?"

"Nilipouona mto."

Alinuna kidogo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mabati alinunua wiki ile ile, na kitenge akakishona mwenyewe. Ahadi ya mbuzi alijaribu kuikana, lakini Bibi Mwamini, yule shahidi, hakuacha kupita kumuuliza hali ya Asumini.