Kisamvu cha Bi Kidawa

Restuta alikuwa fundi cherehani pale Mitwero, Lindi, na mtaa mzima ulimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu, na alikuwa na mdomo wa kuchekesha. Kwenye misiba walimpangia kazi ya kuchota maji, mbali na wafiwa, wakihofia atawachekesha kabla ya maziko.

Alipopata simu kubwa, mdomo ule ukahamia kwenye vidole. Mchana, wakishakula, yeye na Stella, fundi mwenzake aliyekodi naye kibanda kimoja, waliegemea marobota ya vitambaa wakatazama video. Mtu anakula pilipili mpaka machozi yanamtoka. Vijana wanacheza muziki kwenye tope. Kina mama wanapika. Restuta hakupita video bila kuacha neno. Kwenye wali ulioungua aliandika, "Huu wali uliomba maji ukanyimwa." Kwa kijana aliyeteleza akicheza, "Sakafu imeshinda, mleteni mwingine." Watu wakacheka, wakampa laiki, naye akarudi kwenye cherehani moyo wake mweupe.

Jumanne moja ikamjia video ya mwanamke wa makamo akipika kisamvu cha korosho. Simu ilikuwa imeegemezwa chini, pengine kwenye ndoo, kwa hiyo uso wake ulionekana mara chache. Kilichoonekana muda wote ni kinu na mikono. Mama yule alitwanga korosho mbichi, akazichanganya na maji, akachuja tui zito na kulimimina kwenye kisamvu kinachochemka, huku akieleza taratibu kwa lafudhi ya Kimwera. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi. Ngozi ilikuwa na mabaka, imebambuka hapa na pale, na weusi umeingia mpaka chini ya kucha.

Restuta hata hakufikiri. Aliandika: "Mboga tamu mama, ila hiyo mikono imetoka kushusha injini ya lori. Mimi nipakulie isiyo na oili."

Stella alicheka mpaka akajishika ubavu. "Wewe utakuja kufungwa!"

Kesho yake komenti ile ilikuwa na laiki nyingi kuliko video yenyewe. Chini yake watu walikuwa wamejazana. Mmoja aliandika "kisamvu cha gereji." Mwingine akauliza kama mboga inauzwa kwa lita. Kijana mmoja, haijulikani wa wapi, akakata kipande cha mikono ile, akayasoma maneno ya Restuta kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na nyuma akaweka mngurumo wa lori linalopanda mlima. Klipu hiyo ikazunguka hadi ikaingia kwenye kundi la mtandaoni la kwaya aliyoimbia kanisani. Restuta alijibu kwa majigambo, "Mwenye maneno hayo ni mimi hapa," na wanakwaya wakampongeza.

Siku ya tatu aliifungua tena ile video, safari hii bila sauti kwa sababu mteja alikuwa ndani anapimwa. Bila sauti, macho yake hayakuwa na pengine pa kwenda ila kwenye vidole. Akaijua ile rangi. Haikuwa oili. Ni mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza ngozi kama moto na kuacha alama ambayo sabuni haiitoi. Mama yake mzazi alikuwa nayo miaka yote. Marehemu alikuwa akibangua korosho nyuma ya nyumba yao Nyangao, anazikaanga kwenye bati lenye matundu, moshi unamwingia machoni, kisha anazigonga moja moja kwa jiwe, majivu ya kupaka vidole yakiwa pembeni. Kwa korosho hizo Restuta alisoma na kununuliwa cherehani ya kwanza. Kanisani, mama yake hakuwahi kupokea komunyo mkononi. Alipokea kwa ulimi, mikono ameificha chini ya kanga.

Restuta akaizima simu. "Una nini?" akauliza Stella. Restuta akasema kichwa kinamuuma.

Hakuifuta komenti. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Alijiambia kwamba hakuna anayemjua mama wa kwenye video, kwamba mtandao unasahau haraka, kwamba akifuta wanakwaya watamuuliza. Na laiki zilikuwa bado zinaingia.

Wiki mbili zikapita. Mdogo wake Skolastika, aliyeolewa Mtama, akapiga simu kuhusu kipaimara cha mwanawe Anthony.

"Dada, njoo mapema Ijumaa unisaidie. Mpishi ninaye, Bi Kidawa, ila watu wananisumbua."

"Wanakusumbua nini?"

"Si wamemtukana mtandaoni? Alikuwa anapika vizuri tu, anajirekodi, sasa kuna mshenzi mmoja akasema mikono yake ina oili ya lori. Watoto wa shule wanaponunua maandazi kwake wananguruma kama lori. Mzazi mmoja ameenda kumwambia asiwashikie watoto chakula. Wakwe zangu nao wananiuliza kama nimekosa mpishi mwingine. Nimewaambia nitapikiwa na yeye au hamli!"

Restuta alikuwa ameshika mkasi. Akauweka mezani polepole. "Nitafika," akasema.

Siku hiyo hiyo aliifuta komenti. Ilitoweka kwa kugusa mara moja tu, wepesi uliomtia aibu zaidi. Lakini ile klipu yenye mngurumo ilikuwa ya mtu mwingine, na huko iliendelea kuchekesha watu.

Ijumaa alifika Mtama, akamkuta Bi Kidawa uani kwa Skolastika, kakaa kwenye kigoda mbele ya mafiga. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ile ile ya kwenye video. Mikononi alivaa glovu za mpira, za kijani, za kusafishia choo, ambazo bado zilikuwa na harufu ya dukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye dada yake Skola? Karibu. Kaa hapa tuchambue mchele."

Wakachambua. Glovu hazikuwezana na mchele. Punje zilimponyoka Bi Kidawa, naye akawa anaacha mawe madogo yanapita. Joto la moto lilipozidi, jasho lilimchuruzika ndani ya mpira hadi likadondoka kwenye kiwiko.

"Zivue tu mama," Restuta akasema. "Tuko wenyewe."

"Hapana. Mtu akipita akaniona, shughuli ya mdogo wako inaharibika." Akacheka kidogo. "Hii ni korosho, mwanangu, siyo uchafu. Lakini nitamweleza nani? Maneno yao nimeyasoma yote, nimeyashika kama sura za msahafu. Yule aliyeanza, wa injini, huyo nimeshamsamehe."

"Umemsamehe?"

"Nimemsamehe. Ni mtu wa mbali huyo, wa mjini. Korosho anaiona kwenye pakiti, nyeupe, imetiwa chumvi. Hajui inatokaje ganda lake. Mtu asiyejua utamlaumu nini?"

Restuta angeweza kunyamaza. Stella alikuwa mbali, komenti ilikuwa imefutika, na msamaha ulikuwa tayari umetolewa, umebaki kuokotwa tu. Akautazama mchele uliokuwa kwenye ungo.

"Mama, yule mtu ni mimi."

Bi Kidawa hakuelewa. "Yule nani?"

"Wa injini. Mimi ndiye niliyeandika. Nikiwa Mitwero, kibandani kwangu. Nisamehe mama, nilikuwa natania."

Kuni zilipasuka. Bi Kidawa akautua ungo chini, akamtazama Restuta usoni, kisha akamtazama mikono, ile mikono laini ya mtu wa sindano.

"Mmezaliwa wapi nyinyi, wewe na Skola?"

"Nyangao."

"Mama yenu alikuwa anafanya kazi gani?"

Restuta alijua swali linakwenda wapi, na hakuwa na njia ya kulikwepa. "Alikuwa anabangua korosho."

Bi Kidawa akaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja, akazitupa kwenye ndoo. Vidole vyake vilitoka vimenyauka kwa jasho, weusi wake ukiwa pale pale.

"Basi wewe sijakusamehe," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilimsamehe yule wa mbali. Wewe ulijua. Niletee maji nioshe nyama."

Restuta alileta maji. Alileta maji siku mbili mfululizo, akapasua kuni, akakuna nazi, akaosha masufuria, na Bi Kidawa hakumwita tena mwanangu. Jumapili watu walikula wakashiba, na wakwe waliongeza sahani. Restuta alisimama mbele ya wageni kutoa zawadi ya mtoto, na hapo hapo akasema kwamba maneno ya injini ya lori ni yake, na kwamba mikono iliyowapikia ni kama ile iliyomlea. Watu wengine waliinamisha vichwa. Mzee mmoja akaguna. Skolastika hakusema na dada yake hadi anaondoka.

Aliporudi Mitwero, aliyaandika mambo hayo hayo mtandaoni kwa jina lake kamili. Alipata laiki kumi na moja. Mtu mmoja akamjibu, "Dada unatafuta umaarufu." Wanakwaya walikaa kimya, na Stella akamwambia anakuza jambo dogo.

Alimpigia Bi Kidawa mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu alipokelewa, wakazungumza habari za mvua na bei ya unga, basi. Akaanza kupiga kila Ijumaa. Watoto, alisikia, walikuwa wameacha kunguruma.

Miezi minne baadaye Bi Kidawa akaweka video mpya. Ilikuwa ya ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa kama viazi. Safari hii simu ilikuwa imewekwa juu, inatazama ndani ya sufuria tu. Mwiko uliingia na kutoka, ukiwa umeshikwa mahali ambapo picha haifiki. Sauti ilieleza vizuri, tena kwa furaha. Chini yake watu waliandika: "Sasa hapo mama umependeza." "Video safi." "Umejirekebisha, hongera."

Restuta alisoma zote. Ijumaa akapiga simu.

"Umeiona?" akauliza Bi Kidawa. "Wameipenda sana safari hii."

"Nimeiona mama," Restuta akasema. Upande wa pili Bi Kidawa akamuuliza kama Lindi mvua imenyesha.