Antena Yangu Ilipiga Kelele Kuliko Zote Kitengela

Wacha niseme tu: makosa yalikuwa yangu, na niliyafanya kwa bidii.

Mimi huuza WiFi hapa Kitengela. Niko na antena kwenye paa la ghorofa tunayoishi. Masafa tunayotumia kurushia mtandao hayana mwenyewe, kila mtu yuko huru kurusha. Ndiyo maana Naserian, mwenye biashara kama yangu upande wa Kisaju, alikuja kuniona.

"Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa," nikajibu, macho kwa simu.

"Mawimbi yetu yanaingiliana, ndugu yangu. Tugawane chaneli, kila mtu apunguze nguvu, na antena zisikilize kwanza kabla ya kurusha. Wengine wamekubali."

"Na mimi nitapata nini?"

"Wateja wasiolalamika."

Nikacheka. Mtu mwerevu kama mimi, ninyamaze ndiyo mwingine aongee? Alipoondoka nikapandisha nguvu hadi mwisho, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wateja wake wakaanza kukwama, wengine wakahamia kwangu. Nikajiona mjanja wa kaunti nzima.

Kumbe hata antena za wengine huwa zinapandishwa nguvu. Wakachoka kunivumilia, wakapandisha zao. Sasa zote zikawa zinapiga kelele na hakuna inayosikika.

Mke wangu, Mwende, ni nesi. Alikuwa ametafuta kazi sana, na hospitali moja Kajiado ikakubali kumhoji kwa video. Akavaa vizuri, akaketi sebuleni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yeye ni mke wa mwenye mtandao.

Picha ikakwama akiwa amefungua mdomo. Akaunganisha tena, ikakwama tena. Mwishowe nikasikia sauti, "Madam, hatukusikii. Wacha tuendelee na mwingine."

Hakunigombeza. Alifunga laptop polepole, akauliza, "Naserian alikuwa anakuomba nini hasa?"

Nikamweleza. Akaingia chumbani.

Haikuchukua muda, wenye nyumba wakachoka kupigiwa simu na wapangaji. Wakaamua paa zao ni za wale waliokubali mpango wa Naserian pekee. Hao wakapewa mlingoti mmoja, wakagawana kodi na stima. Mimi nikapewa notisi ya kuondoa antena yangu. Ghafla nikagundua kwamba mimi ni mtu wa amani. Nikakimbia Kisaju kukubali kila kitu, nikapewa chaneli iliyobaki, ile hakuna mtu aliitaka.

Siku hizi mtandao unakimbia, hata wangu. Lakini Mwende bado hana kazi, na WiFi anayotumia kutuma maombi ni ya Naserian. Anailipia mwenyewe, ndani ya nyumba yangu. Nilimuuliza mbona asitumie yetu ya bure.

"Yako naijua," akasema.

Kwa hivyo wewe ambaye mkono unakuwasha kupandisha nguvu, kubaliana na wenzako mapema, chaneli nzuri zikiwa bado ziko. Ukingoja, utakubali tu, na hakuna mtu atakuambia asante.